Nusu Mtungi Jangwani

Kila asubuhi mtaani Mbotela, Nairobi, kazi ya Benta ilikuwa kuchota maji kwenye mfereji wa pamoja. Jumamosi hiyo foleni ilikuwa fupi, lakini maji yenyewe yalitoka kwa uvivu, uzi mwembamba kama mkia wa panya. Wenzake walikuwa wameshaanza kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. "Benta, unangojewa wewe!" wakamwita. Loo, nani angevumilia? Mtungi wa plastiki wa lita tano ulipofika nusu, akaufunga na kuuviringishia gunia bichi ili maji yasipate moto safarini. Kisha akakimbilia mpira.

"Umejaza?" mama yake, Aloo, aliuliza walipokuwa wakipanda gari la jirani.

"Umejaa pomoni, Mama."

Wala hakusumbuka. Mtoto wa Mbotela anajua kwamba mfereji haukosekani. Ukiukosa hapa, utaukuta kona ya pili.

Safari yenyewe ilikuwa ya baba yake, Caleb. Alivunjika mguu kazini miezi minane iliyopita. Daktari alimwambia atembee kwa magongo, lakini yeye alijifungia ndani kwa kuona haya. Jirani yao, Mkamba mmoja aliyejulikana na wote kama Baba Kavata, ndiye aliyemshawishi. Alikuwa akisafirisha bidhaa kwa pikapu yake hadi Magadi, na huko jangwani aliijua njia ya wageni ya kutembea kwa miguu, fupi na tambarare, isiyo na ngazi wala mashimo.

"Huko, Baba Benta, atakayekuona ni digidigi tu," alimwambia, na Caleb akacheka kwa mara ya kwanza tangu aumie.

Njiani gari lilichemka kwenye mlima, wakashuka wote kunyoosha miguu huku Baba Kavata akilitia maji. Walipofika, yeye alibaki langoni pa njia hiyo kukaza mpira wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini. Familia ikaingia njiani polepole, gongo, hatua, gongo, hatua. Ardhi ilikuwa nyeupe, migunga imejaa miiba, na mijusi ilikimbia kando ya mawe. Caleb alisahau haya zake. Alionyesha vichuguu, akamtania mkewe kwamba sasa yeye ndiye anayechelewa. Mbele kulikuwa na kibanda cha kutazamia bonde, naye aliapa kufika huko kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini jua la huko si la kuchezea. Walikunywa mara ya kwanza, wakanywa tena, na mara ya tatu mtungi ukatoa matone.

"Haiwezekani!" Aloo alisema, akiutikisa. "Ahaa! Ni Baba Kavata. Gari lilipochemka, si nilimwona akizunguka nyuma tulipoweka mtungi? Amenywesha injini maji ya mgonjwa! Kumbe ndiyo maana wema wake ulikuwa mwingi hivyo. Sitapanda tena gari la mtu yule baada ya leo, na mtaa mzima utasikia."

Caleb alijifuta jasho. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Basi turudi," alisema kwa unyonge. "Nilijua tu. Mimi ni mtu wa kitandani."

Benta aliangaza macho huku na huko akitafuta mfereji. Mfereji, jangwani! Angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe. Lakini alimtazama baba yake akigeuza magongo kuelekea walikotoka, akashindwa kunyamaza.

"Si Baba Kavata," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Sikujaza. Nilitaka kwenda kucheza."

"Ala!" mama yake alimaka. Caleb hakumgombeza. Aliketi juu ya jiwe kwenye kivuli chembamba, akaweka magongo kando.

"Baba, nisubiri hapa. Nitaomba maji kwa Baba Kavata. Na nitamwambia yote."

Alikimbia na mtungi mtupu mpaka langoni. Baba Kavata alikuwa amelala chini ya gari. Benta alimweleza yote, hata jinsi mama yake alivyomshuku, akamwomba msamaha. Mzee huyo alitoka taratibu, akipangusa grisi mikononi, wala hakutabasamu.

"Kwetu Kitui, mtoto wa rika lako hutembea nusu siku kufuata mtungi mmoja," alisema. Kisha akachukua galani lake mwenyewe, akaujaza mtungi wa Benta mpaka ukafurika. "Haya, enda. Mgonjwa hangoji."

Loo, mtungi uliojaa ni mzito! Uliukata mkono wa Benta njia nzima, lakini hakuuweka chini hata mara moja. Caleb alikunywa, akapumua, akashika magongo. Saa sita kasoro walifika kibandani, na bonde lote likawa chini yao. Caleb alisimama akilitazama, macho yamemlowa, wala hakujificha.

"Benta," alisema hatimaye, "kiu yangu imekwisha kwa kikombe kimoja. Lakini jina la mtu likishachafuliwa, maji ya kulisafisha hayapatikani hata Nairobi. Uongo wako ulikuwa mdogo tu, nao karibu utukoseshe jirani mwema. Umefanya vyema kuusema kabla hatujafika nyumbani."

Benta aliinamisha kichwa. "Nimekwisha kumwomba msamaha, Baba."

"Wewe umemwomba," Aloo alisema kwa sauti ya chini, akijifunga leso upya. "Bado mimi."