Homa ya Mama Ilikuwa Shingoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Wawira alichota maji, akawasha moto, kisha akamtazama mama yake, Muthoni, akipanga foleni na wanawake wengine kwenda handakini. Ilikuwa mwaka wa 1955, wakati wa Hali ya Hatari. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha watu wote kutoka mashamba yao karibu na Kanja, ikawabananisha katika kijiji kimoja ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni, kisha ikawaamuru wachimbe handaki kukizunguka. Yaani ufungiwe, halafu uchimbe kifungo chako mwenyewe!

Muthoni alibeba udongo na mawe mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Kuni alikuwa amezibeba hivyo tangu utotoni. Lakini kuni hufika nyumbani zikatuliwa. Mawe ya handaki hayakuwa na mwisho. Kufikia Juni, shingo yake ilikuwa ngumu kama mwiko, na mkono wa kulia ulimchoma kutoka begani hadi vidoleni kama uliojaa siafu.

"Siafu gani hao wasiolala, mama?" Wawira alitania.

Muthoni hakucheka.

Mlango wa zahanati ulilindwa na homugadi mmoja, askari mwenyeji wa serikali aliyeitwa Runji, na aliowaruhusu kuingia ni wenye homa tu. Ukimwambia shingo, anakujibu, "Shingo ya nani haiumi hapa?" na fimbo inakurudisha kazini. Kwa hiyo nusu ya foleni ilitetemeka juani mchana kweupe. Muthoni naye akatetemeka. Alipewa kwinini. Masikio yakamvuma wiki nzima, na mkono ukazidi kufa ganzi.

Jumamosi, akimlisha mtoto wake mdogo, bakuli lilimponyoka. Uji wa moto ukamuunguza mtoto mguu.

"Sikuhisi likitoka mkononi," Muthoni alisema, akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Jumatatu Wawira alimsindikiza zahanati. Ndani, Dresa Ndambiri, tabibu wa zahanati, alikuwa tayari ameshika chupa ya kwinini.

"Homa tena, mama?"

"Homa, Bwana Dresa."

Akisema kweli, Runji atasikia. Akinyamaza, mkono wa mama utakufa.

"Si homa! Ni shingo, na mkono una ganzi. Juzi amemmwagia mtoto uji."

"Nyamaza, mwanangu!"

"Kumbe!" Runji aliingia na bunduki yake. "Wiki jana mlidanganya serikali?"

"Ngoja kwanza, Runji," Ndambiri alisema. Alimwambia Muthoni afumbe macho, akamdunga sindano kidole gumba. "Nimekugusa wapi?"

"Bado hujanigusa."

Tone la damu lilikuwa limeshatiririka hadi kiganjani. Runji akatazama pembeni.

"Kwinini yangu imezunguka mwili wako wiki nzima ikitafuta malaria," Ndambiri alisema. "Maskini, haikupata hata moja! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniandikia cheti?"

Dresa aliiweka chupa ya kwinini mezani. "Sijui," akasema.

Alimfunga shingo kwa pamba na bandeji nene, akampa aspirini, akaandika cheti: wiki sita bila mukwa wala mzigo wowote. Runji alikisoma mara mbili.

"Cheti ni cha mama. Idadi ya wachimbaji haipungui."

Kesho yake, Wawira ndiye aliyeshuka handakini. Malengelenge ya viganjani yalipasuka, yakaota mengine. Siku moja Ireri, mwanafunzi mwenzake, alichungulia kutoka juu.

"Mwalimu ameuliza uko wapi. Tumemwambia unasoma jografia, umefika chini kabisa!"

"Mwambie huku chini hakuna ubao," Wawira alijibu, kisha akageuka ili asionekane akilia.

Wiki sita zilipokwisha, shingo ya Muthoni iligeuka tena bila maumivu, na ganzi ikatoka mkononi, isipokuwa kwenye ncha ya kidole gumba. Waliporudi zahanati, Ndambiri alivigeuza viganja vya Wawira kwenye mwanga.

"Wenye makosa ni waliokuadhibu kwa kusema kweli, si wewe," alisema. "Lakini mimi siwezi kutibu ugonjwa nisioambiwa. Ungenyamaza siku hiyo, mkono wa mama yako usingepona. Mtu akija kwa tabibu, aseme panapouma, hata kama mlangoni kuna bunduki."

Walipotoka nje, Muthoni alimshika binti yake kiganja kwa ule mkono wake wa kulia, akakibana kwa nguvu zake zote.

"Mama, unaniumiza," Wawira alisema.

Muthoni hakumwachia.