Sauti Iliyochelewa

Mchana ule jengo la maduka lilifurika watu. Mshonaji alipenya hadi meza ya fundi kompyuta, kavaa gauni la njano, futi ya kupimia ingali shingoni, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Humu watu wanafunga midomo ndipo sauti inakuja," alisema. "Mama anaangalia runinga humu. Jana mjane wa kwenye tamthilia kamaliza kulia, ndipo kilio kikasikika. Mama kacheka mpaka kaniudhi."

Fundi alichomeka spika zake za waya, akabonyeza hapa na pale. Midomo na maneno vikaenda sawa.

"Tayari, dada. Ikisumbua, nipigie."

Ilisumbua. Alirudi baada ya siku tatu, na tena wiki iliyofuata. Mezani kwa fundi sauti ilitii, nyumbani ikagoma. Fundi akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Mshonaji naye akawa anapaka wanja kwa safari ya kupeleka kompyuta kwa fundi, na jioni simu haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umenikumbuka au umeikumbuka kompyuta?"

Sauti ilipochelewa tena, mshonaji alipiga simu bila utani.

"Niambie kweli. Unaiharibu makusudi ili nirudi?"

"Mpenzi, mimi..."

"Mama kaniuliza hivyo, nami sina jibu." Akakata.

Kuitwa mwongo na mtu unayempenda kunauma, na fundi alimpenda kweli. Alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda nyumbani kwa mshonaji.

Mama mtu alimfungulia, akampandisha na kumshusha kwa macho. Juu ya kabati fundi akaona spika ndogo isiyo na waya.

"Mnasikilizia hii?"

"Tangu mwanzo," mshonaji alijibu. "Kwani vipi?"

Fundi akashika kichwa. "Dukani mimi natumia za waya. Hii inachelewesha sauti. Mara tatu nimetengeneza kompyuta nzima, wala sikuuliza mnasikilizia nini."

Akafungua mipangilio, akaitanguliza sauti kidogo kidogo, mama akikodolea macho midomo ya msoma habari.

"Hapo hapo," mama akasema. "Usiguse tena."

Mshonaji aliinamisha uso. "Nisamehe. Nilikudhania vibaya."

"Sikuiharibu. Lakini kila uliporudi nilifurahi, hilo sikufichi. Nakupenda."

Mama akaongeza sauti ya kompyuta, eti hasikii habari.

"Sasa imepona," mshonaji alisema taratibu. "Utakuja kwa kisingizio gani?"

"Sina."

Mshonaji alimnyooshea kola ya shati, vidole vikakawia hapo.

"Jumamosi acha begi la vifaa. Njoo na wazee wako."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akitabasamu.

"Watakuja saa ngapi?" mama akauliza, bila kugeuka.