Ukurasa wa Sifuri

Kila Ijumaa asubuhi Baba Watoto alibeba bomba la dawa mgongoni, akapulizia matango. Awe ameona mdudu, asiwe ameona, Ijumaa ni Ijumaa.

Mke wake, ambaye sokoni wanamwita Mama Matango, aliingia shambani Jumamosi moja kupalilia. Aliinua jembe, akasita. Kimya. Hakuna nzi, hakuna ndege, hakuna chura mferejini. Alisikia pumzi yake mwenyewe tu. Maua ya manjano yalikuwa wazi kila upande, kana kwamba yanamtazama. Alihisi mtu amesimama nyuma yake. Akageuka haraka. Hapakuwa na mtu. Nywele zikamsimama.

Chini ya maua, vitango vidogo vilikuwa vimenyauka na kuanguka. Huo ulikuwa msimu wa pili wa kukosa mavuno.

"Shamba hili lina mkono wa mtu," alisema mumewe. "Matango yakikataa tena, tunahama."

Moyo ulimuuma Mama Matango. Shamba hilo aliachiwa na marehemu mama yake. Jumatatu akamwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo.

Bibi shamba alipita mistarini. Aliona utando wa buibui uliochakaa, mwenyewe hayupo. Kando ya beseni la maji aliokota nyuki mkavu. Akaokota mwingine, na mwingine. Alipofika kumi na wawili aliacha.

"Baba, unapigana na nani hapa?"

"Na wadudu."

"Wangapi?"

Baba Watoto akacheka. "Nani anahesabu wadudu, mama?"

"Sisi. Leo hii."

Akatoa daftari, akampa Mama Matango. "Mama, kila wiki zunguka shamba zima, usimame kwenye mimea ishirini. Geuza majani. Andika tarehe. Andika wadudu waharibifu. Andika na wale wanaowala waharibifu: buibui, na vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi. Usisahau nyuki. Mkipulizia, andika dawa gani na kiasi gani. Kabla ya kuhesabu, bomba lisiguswe."

Wakahesabu. Mmea wa kwanza, sifuri. Wa pili, sifuri. Mama Matango aliandika mpaka wa ishirini. Ukurasa mzima haukuwa na kiumbe hai hata kimoja.

"Ijumaa ulimpulizia nani?" aliuliza taratibu.

Mumewe akageuza jani jingine, akachungulia.

"Mchawi hayupo," alisema bibi shamba. "Nyuki ndio hawapo. Ndio wanaobeba chavua, ule unga wa maua, kutoka ua hadi ua. Bila wao, tango halikui."

Ijumaa ikapita bila dawa. Baba Watoto alizunguka nyumba kama aliyepoteza kitu. "Mke wangu sasa ni karani wa wadudu," alilalamika.

Wiki ya nne daftari lilionyesha vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, kwenye mimea saba. Baba Watoto akakimbilia bomba. Mke wake akakimbilia simu.

"Vile vyekundu vipo?" aliuliza bibi shamba.

"Vipo kumi na moja."

"Basi subirini, vifanye kazi. Baada ya siku tatu hesabuni tena. Vidukari wakizidi, tutapulizia sehemu hiyo tu, jioni, nyuki wakiwa wamerudi kwao."

Siku tatu zilikuwa ndefu. Walipohesabu tena, vidukari walibaki kwenye mimea miwili.

Wiki ya sita, Mama Matango akiwa kwenye mmea wa tisa, alisikia kitu nyuma yake. Sauti nyembamba. Nywele zikamsimama kama siku ile. Akageuka polepole. Ndani ya ua alikuwamo nyuki, amejaa unga miguuni. Alilia, kisha akaandika: nyuki, mmoja.

Mwezi uliofuata, siku ya Ijumaa, Baba Watoto alibeba mgongoni gunia la matango. Alilitua mlangoni, akatega sikio. Shamba lilivuma, vyura wakapiga kelele mferejini.

"Makelele gani haya?" alisema.

"Nyamaza kidogo," akajibu mke wake, daftari mkononi. "Nahesabu."