Pachasura wa Mhandisi Tabitha

Saa tatu asubuhi Mhandisi Tabitha Nandonde alizungumza na mafundi arobaini wa shirika la maji la jiji la Mkunguni kwa wakati mmoja, kila mmoja peke yake, huku mwenyewe akiwa ofisini anakunywa chai. Aliyezungumza alikuwa pachasura: taswira hai ya kompyuta yenye uso wake, sauti yake, hata kikohozi chake, inayojibu kila swali kama ambavyo angejibu yeye. Mafundi walikuwa wameambiwa tu kwamba bosi atawapigia simu ya video.

Habari yenyewe ilikuwa nzito. Masikio ya mashine, vifaa vya kunasa sauti ya maji yanayovuja, yangefungwa kwenye mabomba, na waliozoea kusikiliza uvujaji kwa masikio yao wangehamishwa. Tabitha alikuwa amefundishwa kwamba wakati wa mabadiliko kiongozi humsikiliza kila mfanyakazi ana kwa ana. Nafasi hiyo hakuwa nayo. Jioni jalada la ripoti lilisema wote wamesaini fomu za kukubali, akajisifu kama mpishi aliyenunua pilau hotelini.

Kesho yake akaingia Halfani Likwata, msemaji wa mafundi.

"Mama, nimekuja kushukuru. Nilishawaambia wenzangu tugome. Lakini jana ulivyoniuliza habari za mwanangu Saumu, ukanisikiliza mpaka nikamaliza, nikarudi nikawaambia huyu mama ni mtu, tumwamini. Wakasaini kwa neno langu."

Tabitha hakuwahi kulisikia jina hilo. Ripoti ya mazungumzo hayo ilikuwa mezani, kurasa mia mbili, hajaifungua. Badala ya kukiri, akatabasamu.

"Anaendeleaje sasa?"

Halfani akakunja uso.

"Nilikwambia tulimzika Ijumaa."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Tabitha haikufika hata siku mbili. Aibu ilimwakia usoni hadi masikioni, akashindwa kuinua macho.

"Basi jana niliongea na nani?"

"Na mashine. Nisamehe, Halfani. Na pole. Pole sana."

Halfani hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

"Wenzangu nitawatazamaje, mama? Wamesaini kwa neno langu."

"Waite wote uwanjani. Fomu zao nitawarudishia, na nitawaambia mwenyewe."

Halfani alifika mlangoni, akageuka. Hakuwa anamkejeli, alitaka tu kujua mafundi awaambie nini.

"Mwenyewe yupi, mama?"