Jicho Alilolifumba Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa. Kila asubuhi huketi karibu na dirisha, hubana kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia, na hulifumba la kushoto. Amefanya hivyo miaka thelathini na minane. Nilizoea kumtania, "Hilo la kushoto liko likizo?" Tukacheka. Leo utani huo unanichoma.

Siku moja chembe ya vumbi ilimwingia jicho la kulia. Akahamishia kioo kushoto. Akaniita.

"Mama watoto, umefunga pazia?"

Ilikuwa saa tano asubuhi. Jua lilikuwa limejaa chumbani.

Hospitalini, daktari wa macho alimtia dawa ya kupanua mboni, akamchunguza kwa mashine.

"Mzee wangu, kwenye lenzi za macho yako kuna unga mweupe, kama mba. Mwili wenyewe huutengeneza, hasa umri ukisogea. Unga huo huziba njia ya maji ya ndani ya jicho. Maji yakikosa pa kutokea, presha ya jicho hupanda na kuua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo."

"Ni vumbi la saa?"

"Hapana. Kazi yako haina kosa."

"Mbona sikuumwa?"

"Mara nyingi ugonjwa huu hauumi. Huanza kula uwezo wa kuona pembeni, polepole. Na jicho lenyewe ulilifumba mchana kutwa, ungejuaje?"

"Basi nipe dawa nione."

Daktari aliweka kalamu chini. "La kushoto halitarudi. La kulia presha imeanza kupanda, hilo tunalipigania. Tone moja asubuhi, moja jioni, bila kukosa. Dawa zisipotosha, kuna mionzi ya leza na upasuaji. Na ndugu zako nao wakapimwe."

Nyumbani aliitupa chupa ya dawa juu ya kabati. "Dawa isiyorudisha kitu ya nini?"

Siku nne hakuitia. Nilibembeleza, nikagomba, nikalia. Mwisho nami nilikata tamaa. Nilikaa jikoni nikimwona akilini tayari akipapasa kuta.

Siku ya tano alikuja mdogo wake wa kike.

"Kaka, nimepimwa. Nami ninao huo unga. Presha yangu iko juu, lakini mshipa bado mzima. Nimeanza dawa."

"Nani alikuambia ukapimwe?"

"Wifi. Wewe ungeniambia lini?"

Alinyanyuka kwenda kabatini, akagonga bilauri iliyokuwa upande wa kushoto. Hakuiona kabisa. Ilivunjika. Aliviruka vipande, akaishusha chupa ya dawa kabatini, akanipa.

"Nitilie."

Nilivuta kope ya chini, nikadondosha tone moja. Akafumba jicho na kubonyeza kona yake, karibu na pua, kama tulivyofundishwa.

Sasa ni miezi minane. Presha imeshuka. Jicho la kulia liko vilevile, na wifi yangu hajapoteza chochote. Daktari amefurahi. Mimi nashukuru, lakini furaha sina. Saa ndogo za mkononi mume wangu ameziacha. Anatengeneza za ukutani tu. Moja ameitega ilie kila saa ya dawa.

Kila asubuhi ikilia, yeye kwanza hulifumba la kulia, akageukia dirishani.

"Umefungua pazia?"

"Nimefungua."

"Lote?"

"Lote, baba."

"Haya," husema, "nitilie hili lililobaki."