Sindano za Melania

Lifti ya Tianxiu, jengo la maduka huko Uchina, ilipiga kelele ya kuzidiwa uzito, ikakataa kupanda. Macho yote yakamgeukia Melania, mfanyabiashara wa Mwanza, aliyejaa vizuri ndani ya gauni la kitenge cha kijani. Kabla hajatoka kwa aibu, kijana mmoja mwembamba akamtangulia nje.

"Twende ngazi, mrembo," alisema Japheth, wakala wa mizigo kutoka Nairobi. "Humo ndani kuna wazito wa roho."

Walipanda wakicheka. Kufikia mvua za Mei, kwenye simu walikuwa wakiitana mume na mke.

Lakini aibu haikumtoka Melania. Akaanza kujidunga tumboni sindano za kupunguza unene, vichupa visivyo na jina alivyouziwa na Careen, mwenye duka la vipodozi mtaa wa Dengfeng. Alipungua kweli, ila alitapika mpaka nyongo.

Japheth akamletea pakiti za mitishamba ya Kikorea, akapasha moja moto, akaimimina bakulini, nyeusi tii.

"Kunywa hii, mpenzi. Mganga wao huchanganya mizizi kwa kadiri ya mwili wa mtu. Hiyo sindano hujui ina nini."

"Sindano inakata njaa leo leo. Hayo maji ya mizizi yatanikondesha mwakani?" Kisha sauti ikampanda. "Kumbe hata wewe unaniona pipa!"

Akamrushia bakuli. Dawa ya moto ikammwagikia shingoni, ngozi ikachubuka. Japheth alipiga yowe, akabeba vichupa, akatoka.

Alasiri simu ililia.

"Mel... nimewauliza kina Careen wameweka nini humu. Wananiua!"

Melania alikimbia hadi dukani kwa Careen. Alimkuta Japheth chini, vioo vimetapakaa, kaka yake Careen akimpiga mateke ya mdomo. Hakuuliza. Alimkwida yule mtu, akambamiza kabatini mara mbili, damu ikarukia kitenge; kisha akamkalia kifuani mpaka polisi wakaja.

Hospitalini daktari hakuwaficha. Sindano halali zipo, nazo hutolewa kwa vipimo. Zile zilikuwa sumu. Alipoonyeshwa pakiti ya mitishamba akatikisa kichwa: ndani mna mmea unaoendesha moyo mbio. Kwa mtu aliyetapika vile, nao ungemmaliza.

"Ningekuua," Japheth alinong'ona, mdomo umeshonwa.

Melania aligusa bandeji ya shingoni. "Nami nimekuunguza."

"Basi niuguze."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke."

"Hiyo ni posa au homa?"

"Vyote viwili."

Melania alilia, kisha akambusu kwenye paji la uso, mahali pekee pasipouma.