Pini ya Ada Blenkin

Pini ilikuwa imerudi. Desmond Blenkin aliiona kwenye ramani ya ukutani asubuhi kabla maji ya chai hayajachemka, nyekundu, peke yake kusini ya mto Humber kwenye mji wa Lincoln, palepale alipoing'oa jana yake.

"Maureen," alimwita mkewe, "umegusa ramani yangu?"

"Niiguse ya nini? Hata kuipangusa vumbi naogopa. Utasema nimehamisha wajomba zako."

Tangu afunge duka lake la nyama pale Hedon, Desmond alikuwa na kazi moja tu: kuwasaka akina Blenkin kwenye sensa za zamani. Sensa ya kwao Uingereza humhesabu mtu pale alipolala usiku ule wa hesabu, awe mwenyeji au mgeni, na kila palipolala Blenkin, Desmond alichomeka pini. Zote zilirundikana Holderness, sehemu ya kwao, kama kuku kwenye mtama uliomwagika. Alijivunia hilo kana kwamba ni yeye aliyewazaa. Jumamosi ukoo mzima ungekutana kwenye ukumbi wa kanisa kuitazama ramani, na hotuba alishaianza kichwani: sisi ni watu wa udongo huu, hatukutangatanga.

Isipokuwa huyo mmoja wa Lincoln. Sensa ya mwaka 1911 ilimkuta Ada Blenkin, msichana, mfuaji nguo ndani ya nyumba ya wendawazimu, na kwenye safu ya mwisho, panapoandikwa kasoro za mtu, mhesabuji ameandika: punguani. Desmond aliona haya, akaing'oa pini. Nani angejua?

Aibu hiyo haikuanzia kwa Ada. Desmond alikuwa na mdogo wake wa kike, Hilary, aliyezaliwa na akili nzito. Mama yao alimpeleka kwenye nyumba ya kulelea watu kama yeye huko Bridlington, akamwambia Desmond, bado mwanafunzi, kwamba akiulizwa aseme amezaliwa peke yake. Akasema hivyo shuleni. Akasema hivyo kwa Maureen walipokuwa wachumba. Mama alikufa, na uongo ukabaki ukila na Desmond meza moja.

Aliing'oa tena ile pini, akaitupa kwenye pipa la taka.

Jioni, wakinywa chai, Maureen alinusa. "Nani anafua, Des?"

Ilikuwa harufu ya magadi ya kufulia na nguo zinazochemshwa, na nyumbani kwao hapakuwa na sufuria motoni. Kisha mlango ukagongwa. Sauti ya kike, ya chini, iliyokauka, ikauliza kutoka nje:

"Mmelala wangapi humu?"

"Wawili," Desmond alijibu bila kufikiri, akafungua. Hapakuwa na mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa nyayo za miguu mitupu, na mvua haikuwa imenyesha.

Kila siku saa ya chai sauti ilirudi ikiuliza lile lile, na pini ilirudi kila asubuhi, na kila alipoing'oa harufu ilizidi, ikapanda ngazi, ikaingia kwenye mapazia na kwenye shati alilovaa, mvuke ukafunika vioo vya madirisha ingawa birika lilikuwa baridi, na kwenye mvuke huo, upande wa ndani, Desmond akaona alama ya kiganja kidogo ikishuka polepole, kama cha mtu aliyechoka kusimama na hajaambiwa aketi.

Wakamwita Kasisi Philippa. Aliomba chumba hadi chumba, akinyunyiza maji yake, akasimama mbele ya ramani.

"Umemtoa nani hapa, Desmond?"

Akamwambia habari za Ada, akitazama viatu vyake.

"Mrudishe basi. Mimi simfukuzi mtu anayedai nafasi yake."

Desmond akaichomeka pini mbele yao. Harufu ikakatika palepale. Kasisi akaaga, Maureen akamimina chai, na Desmond, kwa mara ya kwanza wiki ile, akanyoosha mkono kuchukua biskuti.

Sauti ikaja. Haikuwa mlangoni tena. Ilikuwa mezani, kwenye kiti kitupu kando ya Maureen.

"Kwa mama yako, mlizaliwa wangapi?"

Maureen alipauka. "Mjibu," alinong'ona. "Mwambie ulizaliwa peke yako, atuache."

Desmond alifungua kinywa. Uongo alioutamka maisha yake yote ulikataa kutoka.

"Wawili," akasema.

Maureen alikiweka kikombe chini.

"Miaka yote hii, Des?"

"Mama alisema—"

"Mama yako yuko kaburini. Chukua koti lako, twende aliko huyo wa pili."

Kutoka Hedon hadi ile nyumba ya Hilary huko Bridlington ni mwendo wa saa moja tu kwa gari, na saa hiyo nzima Maureen hakumtazama. Mlezi aliyewafungulia alimpima Desmond kwa macho.

"Kaka? Hilary ana kaka?" Akacheka kidogo. "Sisi tunamjua dada yake tu. Yule msichana asiyesema. Kila siku baada ya chai yuko hapa, miaka na miaka. Ndiyo kwanza atoke."

Desmond alitamani sakafu immeze. Aliyekufa alikuwa akija. Yeye mzima hakuwahi kufika hata siku moja.

Hilary alikuwa bibi wa nywele nyeupe, ameketi karibu na kapu la mashuka. Kiti cha pili kilikuwa kimelowa, kikinuka magadi. Alimtazama kaka yake kwa macho ya mama yao.

"Usikae hapo," akasema. "Ni pa Ada. Wewe shika shuka."

Desmond akaokota shuka, akashika ncha mbili, akangoja Hilary asimame ashike zile nyingine. Hilary hakusimama. Zile ncha mbili zikainuka zenyewe kutoka sakafuni, zikavutwa taratibu, shuka likanyooka.

"Kunja vizuri," Hilary akamwambia. "Hapendi mikunjo."

Desmond akakunja.